Kidonda cha Pastory na Mikono ya Shemeji

Siku ya kuniaga mlinipa keki, kanga na daftari jipya, mkaniambia niandike maneno machache ya kuwaachia wahudumu wapya. Najua mlichokitaka. Mlitaka nimshukuru Mungu, nimshukuru matroni, niseme kazi hii ni wito. Hayo ataandika mwingine. Mimi ni darasa la saba, nimesukuma mopu zaidi ya miaka ishirini na tano, nimestaafu kwa hiari nikiwa na hamsini na tano kwa sababu mgongo umenikatalia, na nina uchungu ambao sijaumaliza. Nitaandika jinsi mtu anavyoingia hospitali na ugonjwa mmoja, halafu akapata wa pili humo humo kitandani. Majina ya watu nitayataja. La hospitali naliacha, mnalijua.

Siku ya kwanza nilitembea kwa miguu kutoka kwetu kijijini Ndama, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyokuwa vinanibana. Nilikabidhiwa kwa Mama Godelive, mfagizi wa wodi ya wanaume, mama mwembamba ambaye sikumwona akicheka mpaka mwezi wa pili. Akanipa ndoo na mopu. Nikaanza mlangoni, kama ninavyofagia kwetu. Akaja, akachukua ndoo yangu, akaimwaga yote nje.

"Mlangoni kuna nini?" akaniuliza.

"Tope, mama."

"Sasa unalichukua tope unampelekea mgonjwa kitandani. Amekuagiza?"

Tangu siku hiyo naanza kitandani namalizia mlangoni, uchafu unatangulia kutoka. Alinifundisha pia kwamba sakafu ndiyo watu wanaiona, lakini sakafu haishikwi na mtu. Kinachoshikwa ni reli ya kitanda, kitasa cha mlango, swichi ya taa, chuma cha kutundikia dripu, na kile kimeza ambacho mgonjwa anaweka kikombe na muuguzi anaweka trei. Hapo ndipo alikuwa anapita na kitambaa cheupe kukagua kazi yangu. Kikitoka cheusi, narudia wodi nzima.

Dawa ya klorini alinifundisha hivi: kipimo kimoja cha dawa, sita vya maji. Ukizidisha unawachoma watu vifua, ukipunguza unafuta vumbi. Halafu unaiacha dakika kumi ndipo ifanye kazi. Saa ya mkononi hatukuwa nayo, kwa hiyo alihesabu kwa nyimbo mbili za kanisani, beti zote. Yeye alikuwa Mlutheri, na aliimba taratibu, kwa hiyo dawa yake ilikaa kuliko ya mtu yeyote katika hospitali ile. Mimi Mkatoliki nilikuwa namaliza mapema, ananirudisha naanza upya.

Siku moja nilimuuliza kama kweli watu wanakufa kwa uchafu. Akasema, "Hapa hakuna aliyekufa kwa uchafu. Soma mafaili. Wote wamekufa kwa homa." Akaendelea na wimbo wake.

Kwa miaka mingi adui yangu mkubwa alikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Mnawajua watu wetu. Mtu wa huku akija kumtazama ndugu yake haendi kitandani kwa ndugu yake moja kwa moja, hiyo ni kukosa utu. Anaanzia kitanda cha kwanza karibu na mlango, anampa mkono yule asiyemjua, pole sana, umeumwa nini, Mungu atasaidia, anahamia cha pili, cha tatu, mpaka afike kwake. Mkono ule ule. Akifika kwake anakaa juu ya shuka, anafungua ndizi, anamlisha. Halafu kuna jambo la kidonda. Aliyekuja kutazama mgonjwa wa kidonda na hakukiona kidonda, nyumbani wanamuuliza alikwenda kufanya nini. Basi wanafunua. Nimefukuza watu wengi kwa mpini wa mopu kwa ajili ya kufunua vidonda. Waliniita mkorofi, na mimi nilifurahia jina hilo.

Nasema haya ili mjue kwamba siku yangu ilipofika, sikuwa mjinga. Nilijua kila kitu.

Mume wangu Pastory ni mkulima wa migomba na kahawa, Kihanga. Alikuwa anaangusha mti mpakani mwa shamba la nyumbani, kibanja chetu, gogo likabiringika likamvunja mfupa chini ya goti, mguu wa kulia. Akaletwa wodini kwangu, kitanda cha sita. Wakamfanyia upasuaji wakafunga na vyuma. Daktari akanionyesha kidonda mwenyewe, akasema, "Mama Jovita, kidonda hiki ni kisafi kabisa. Kikiendelea hivi, wiki mbili mnakwenda nyumbani."

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Baada ya misa akaja shemeji yangu Respicius, kaka mkubwa wa mume wangu, kutoka Kyerwa, na watu sita wa ukoo. Respicius si mtu mbaya. Ana huruma kuliko wengi, na huruma yake ndiyo iliyotuponza. Alisalimia kitanda kwa kitanda. Kitanda cha nne kulikuwa na mzee mwenye jipu la paja lililokuwa linatoa usaha, kitambaa chake kilikuwa kimeanguka. Respicius akakiokota, akamfunika vizuri, akamshika mkono, akamwombea. Ndipo akaja kwetu.

"Shikamoo shemeji," nikasema.

"Marahaba mke wetu. Hebu tuone alivyoumia."

Nikafungua mdomo. Mpini wa mopu ulikuwa mkononi. Lakini huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, na baba mkwe alishafariki. Kwetu, baba mkwe akifa, huyo ndiye baba mkwe. Huwezi kumkatalia mbele ya watu wake. Nikatazama chini, nikafunga mdomo.

Akanyanyua shashi kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa pili ameshika simu. Akapiga picha. "Wa Bukoba nao waone," akasema, akaituma kwenye kundi la ukoo hapo hapo. Wale sita wakainama mmoja mmoja. Halafu akarudisha shashi, akaipigapiga kwa kiganja, akasema, "Kitapona hiki."

Walipoondoka nilikimbia kutafuta shashi safi na glavu. Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao Sista Adventina, mkuu wa wodi, na Sista Adventina alikuwa amekwenda Bukoba kwenye semina. Semina ya kuzuia maambukizi hospitalini. Sabuni za kunawia nazo zilikuwa ndani ya kabati hilo hilo, kwa sababu alisema zikiwekwa kwenye sinki ndugu wa wagonjwa wanaziiba. Kwa hiyo sinki letu lilikuwa na maji, na juu yake karatasi yenye picha za jinsi ya kunawa kwa sabuni.

Alirudi Jumanne na mkoba mpya na fulana iliyoandikwa mambo ya mikono safi. Akafungua kabati, akafunga vidonda vya vitanda sita kwa glavu pea moja, kwa sababu alikuwa na haraka na kazi ilikuwa imelala tangu Ijumaa. Cha sita kilikuwa cha Pastory. Cha nne kilikuwa cha yule mzee.

Sijui ni mkono upi ulioingiza ugonjwa. Daktari naye hajui, na mtu akiwaambia anajua anawadanganya. Ndiyo maana nawataja wote: Respicius, Adventina, na mimi mwenye mopu niliyenyamaza.

Jumatano nilikuwa nimeinama nafuta chuma cha chini cha kitanda chake, nikasikia harufu. Harufu ile mkifanya kazi hii mtaijua, na mkishaijua haiwatoki puani. Nikakaa pale chini.

"Mbona umenyamaza?" Pastory akaniuliza kutoka juu.

"Nafanya kazi."

"Wewe ukifanya kazi unagomba. Kuna nini?"

Usiku huo homa ikapanda. Wakamsafisha, wakabadilisha dawa, wakamrudisha chumba cha upasuaji mara mbili. Mfupa ulikuwa umeshaingiliwa na ugonjwa. Mwisho wakakata mguu, chini ya goti.

Daktari aliniita pembeni. Alikuwa kijana, macho mekundu. Akasema, "Mama, nimekubakizia goti. Akiwa na goti, mguu wa bandia atauvaa, atapanda na kushuka kwenye shamba lake. Lakini kidonda kikipata usaha tena nitalazimika kukata juu, na akikatwa juu ya goti, kwa miteremko yenu ile, sijui."

Nikamwambia Pastory yote, sikumficha. Akalishika goti juu ya shuka.

"Kwa hiyo nimebaki na goti."

"Umebaki na goti."

"Basi usinililie hapa. Linda goti."

Nikaomba likizo yangu ya mwaka siku hiyo hiyo. Nikavua sare ya kazi, nikaenda nyumbani nikaoga, nikarudi na kanga kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Na hapa ndipo nataka msome taratibu, maana nilijifunza mengi kwenye kiti cha kando ya kitanda chake kuliko kwenye mopu.

Kwanza nilinunua ndoo ya koki Kayanga sokoni, na kipande cha sabuni nikakitia ndani ya soksi safi ya Jovita, binti yangu, nikakifunga kwenye chuma cha kitanda, miguuni. Sabuni ndani ya soksi haitelezi, haiibiki kirahisi, na kila anayekuja anaiona kabla hajamwona mgonjwa. Watu walicheka. Wacheke. Asubuhi na jioni nilifuta reli, kimeza na chuma cha dripu kwa dawa, nikaimba nyimbo mbili kwa sauti ya chini, beti zote. Beseni la kumwogeshea lilikuwa lake peke yake, nikaliandika jina kwa rangi ya kucha. Chakula kilikuja kimefunikwa, akala, kikaondoka, hakikulala chini ya kitanda. Hakuna aliyekaa juu ya shuka, hata mimi. Niliporudi kutoka kibanjani viatu vilibaki nje ya wodi.

Kidonda sikukigusa. Hilo lilinishinda kuliko yote, maana ukiwa na wasiwasi mkono unakwenda wenyewe. Nilikuwa naangalia shashi tu: imelowa, imelegea, imebadilika rangi? Nikiona, naita. Na ile sindano ya mshipani, kila asubuhi nilimuuliza muuguzi, "Hii bado ina kazi?" Siku ya tatu niliyouliza akaangalia faili, akasema dawa za mshipani ziliisha tangu jana. Akaitoa. Kisingekuwa kinywa changu, ingekaa pale kama mlango ulioachwa wazi.

Jambo gumu ni kuwaambia wakubwa wanawe mikono. Siku ya kwanza nilimwambia daktari. Alikuwa ametoka kitanda cha tano, akanyoosha mkono kwenye shashi.

"Daktari, samahani. Ndoo ile pale."

"Nimenawa, mama."

"Umenawa kabla ya kitanda cha tano. Nilikuwa nakutazama."

Akanitazama. Halafu akaenda akanawa, akarudi akitikisa maji mikononi, akasema, "Umefurahi?" Nikamwambia, "Nitafurahi mwezi ujao." Tangu siku hiyo alikuwa ananawa akiwa bado mbali, ananionyesha viganja kama mtoto anayekwenda mezani.

Sista Adventina haikuwa hivyo. Nilipomzuia na glavu zake zilizotoka kitanda cha pili, alisimama na trei yake.

"Mama Jovita, wewe ni mfagizi au ni daktari?"

"Mfagizi, Sista. Ndiyo maana naona uchafu."

"Utanifundisha kazi mimi niliyetoka semina juzi?"

"Hapana Sista. Nakuomba glavu nyingine. Za kwenye kabati."

Alibadilisha. Aliniandikia pia barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, ninayo mpaka leo, niliiweka pamoja na cheti cha ndoa. Ila wiki iliyofuata sabuni ilitokea kwenye sinki, na haikuondoka tena. Hakuniambia kitu, nami sikumshukuru.

Siku ya tisa baada ya kukatwa akaja Respicius tena. Ukoo mzima safari hii, watu kumi na kitu, na hotpoti kubwa ya ndizi na nyama. Nikawakuta kwenye veranda, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo shemeji. Mtaingia wawili wawili. Hatupeani mikono na wagonjwa wengine, mnawasalimia kwa mdomo. Kidonda hakifunuliwi. Na kila anayeingia ananawa, ndoo ile pale na sabuni."

Alidhani natania. Akacheka, akasogea. Sikusogea.

"Mke wetu, unanifukuza kwa mdogo wangu?"

"Sikufukuzi. Nawa uingie."

"Ninawe? Nina ukoma mimi? Nimetoka kuzika?" Akawageukia watu wake. "Mnamsikia? Mimi niliyemlea huyu Pastory, leo ni mchafu!"

Nikasema, "Shemeji, mara ya kwanza nilikustahi nikanyamaza, na mguu umekatwa. Goti sikupi."

Akageuka, wote wakamfuata. Hotpoti yao waliondoka nayo.

Pastory alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Nilipoingia akaniuliza, "Nyama ilikuwa ya mbuzi?"

"Ng'ombe, nadhani."

"Basi si hasara kubwa," akasema, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikumuuliza kama anacheka.

Alitoka hospitali na goti lake. Kidonda kilikuwa kimefunga chote isipokuwa sehemu moja ndogo kama punje ya harage, ambayo daktari alisema isiguswe mpaka ifunge yenyewe. Hatujamaliza hata wiki tatu nyumbani, ukoo ukaitisha kikao. Sebuleni kwetu, Kihanga, wazee saba na Respicius kwenye kiti cha mbele. Mwenyekiti wao, mzee Anatoli, akasema nimemdhalilisha kaka mkubwa mbele ya watu, Kyerwa nzima wanazungumza, na wanachotaka si kikubwa: debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na nipige goti mbele ya shemeji nimwombe msamaha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yangevunja ndoa.

Pastory akaegemeza magongo ukutani. Akakunja suruali taratibu mpaka juu, akakunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena. Akafanya hivyo mara tatu mbele yao. Halafu akasema, "Hili lilikuwa liende. Daktari alishasema. Huyu mwanamke amelisimamia mlangoni."

Respicius akatazama ule mguu ulioishia njiani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona. Ni mtu wa huruma, niliwaambia. Akainuka nusu, akanyoosha mkono kuelekea palepale kwenye kishashi kidogo, pale penye punje ya harage, ili aone.

Pastory akaweka kiganja chake juu, akakifunika. "Hapana, kaka."

Mkono ukabaki hewani. Mwishowe mzee Anatoli akakohoa, akanigeukia mimi.

"Mke wetu, tunakusubiri."

Nikaingia jikoni. Nikatoka na birika la maji ya vuguvugu, beseni na sabuni. Nikaenda mpaka mbele ya Respicius, nikapiga goti kama walivyotaka, yote mawili, nikaweka beseni chini ya mikono yake.

"Lete mikono, shemeji."

Akamtazama mdogo wake. Akanitazama mimi. Akaleta mikono. Nikamimina, akapaka sabuni, akasugua kidogo kama mtu anayekwenda kula, akataka kuitoa.

"Bado," nikasema. "Kati ya vidole."